Korosho Iliyopungua

Mgeni niliyempikia Diani aliniachia picha ya kuunganisha vipande, mchoro wa kale wa tawi la mkorosho. Nilihangaika nayo siku tatu nyumbani Kinondo, macho yangu kwenye kifuniko cha boksi chenye picha nzima. Shangazi yangu, aliyebangua korosho maisha yake yote, aliniambia nikiondoe kifuniko, akaimaliza kabla ya adhuhuri. Kilipungua kipande kimoja tu, cha korosho yenyewe, chini ya bibo, tunda lake. Akaingia jikoni, akarudi na korosho ya kukaanga, akaiweka kwenye pengo. Ilienea barabara. Nikatoka kumwita jirani aje aone. Tuliporudi, pengo lilikuwa wazi na shangazi anatafuna.

"Ilikosa chumvi," akasema.