Baba, Mto na Pikipiki ya Magurudumu Manne

Oili iliyoingiwa na maji ina harufu nzito, ya kuungua na ya tope kwa pamoja, na rangi yake ni kama chai ya maziwa iliyopoa. Niliijua harufu hiyo nikiwa darasa la tano, msimu wa mvua, kijijini kwetu upande wa Ruponda. Baba yangu alikuwa dereva wa pikipiki ya magurudumu manne ya zahanati. Kazi yake ilikuwa kumpeleka muuguzi na sanduku la chanjo katika vijiji ambavyo gari halifiki masika. Hakuna mwingine kwetu aliyejua kuiendesha, na baba alipenda watu walijue hilo. Alizoea kusema kwamba mashine ile haiogopi maji, nami nilikwenda kuyarudia shuleni kwa sauti kubwa kuliko yake.

Siku ya kliniki ya watoto, mto ulikuwa umejaa. Akina mama wa upande wetu, waliokuwa wanakwenda huko huko kliniki, walisimama ukingoni na watoto mgongoni, na wengine walikuwa wakisubiri ng'ambo. Muuguzi alikuwa ametangulia tangu jana yake. Mimi nilikuwa nyuma ya baba, kwa kuwa shule ilifungwa na nilimsumbua mpaka akanichukua. Mama Hadija, mkulima wa ufuta aliyekuwa jirani yetu, alimsogelea baba.

"Baba Salima, maji yamepanda tangu asubuhi. Shusha sanduku tulivushe kichwani, mashine iache hapa."

"Mama Hadija, hii si baiskeli," baba akajibu, na watu wakacheka.

Alinishusha, akaingia kwa kasi. Maji yakapanda mbele ya taa, yakafika kitini, na chini ya kiti ndipo injini inapovutia hewa. Ilikohoa, ikazimika katikati ya mto. Baba akabonyeza swichi ya kuwashia, akabonyeza tena na tena, na kila mara injini ikazidi kunywa maji. Aliyeingia kwanza alikuwa Mama Hadija. Alifungua kamba za sanduku la chanjo kwenye keria ya nyuma, akajitwika, akalivusha likiwa kavu. Wenzake wakaisukuma mashine hadi ukingoni, na baba katikati yao, suruali imemganda miguuni, bila kuinua macho. Nami sikuinua yangu. Nilitamani watu wasahau kwamba mimi ndiye Salima.

Hawakusahau. Shule ilipofunguliwa, wenzangu waliniuliza kama baba ameshafika ng'ambo. Nyumbani baba aliacha kwenda sokoni, na Ijumaa alichelewa makusudi msikitini ili aswali nyuma kabisa. Fundi aliyeitwa kutoka Nachingwea mjini alichomoa plagi, akazungusha injini maji yakaruka nje, akamwaga oili ile ya rangi ya chai, akaweka nyingine, akaimwaga nayo, mpaka ikatoka safi. Baba alishika taa na kufuta spana. Baadaye wawili hao waliinua mpira unaoingiza hewa kwenye injini hadi karibu na usukani, wakapaka grisi kwenye viungo vya nyaya na kukaza kifuniko cha kichungio cha hewa. Fundi akamwambia kwamba, hata hivyo, maji yakizidi magoti asiingie.

Kliniki iliyofuata iliangukia Jumamosi, nami nilikwenda tena; baba alivuka kwa miguu kwanza, fimbo mkononi, akipima kina. Ng'ambo, kabla muuguzi hajaanza kupima watoto, alisimama mbele ya akina mama wote.

"Mama Hadija, uliniambia, nami nikakudharau mbele za watu. Nimekuja kuomba radhi mbele ya watu hao hao."

"Yameisha, Baba Salima," alisema Mama Hadija. "Karibu ukae."

Kwangu siku ile ilikuwa aibu juu ya aibu. Nilidhani yamekwisha, kumbe yeye ameyafufua.

Sasa pale pana daraja, na vijana wa bodaboda hupita bila kutazama chini. Mimi ni mwalimu Ruangwa. Nikikosea ubaoni na mwanafunzi akanisahihisha, hujikuta nikilaumu kitabu, au chaki, au kelele za darasa. Baba angeweza kuilaumu mashine, maana pale mtoni hakukuwa na mwingine aliyeijua, wa kumbishia. Nimempita umri aliokuwa nao siku ile, na bado sijawahi kusimama mbele ya darasa nikasema alichosema yeye.