Jinsi chupa ya soda ilivyogeuka ngoma ya asili pale Mikumi

Wakuu, heshima kwenu. Vijana, marahaba, najua mlikuwa njiani kuniamkia.

Haya yalinitokea mwenyewe. Nikidanganya, nguo zinibane hadi kiama.

Ilikuwa enzi za Ujamaa. Nimetoka chuo kikuu juzi tu, nikapangiwa Kilosa, ofisi ya utamaduni. Meza moja, baiskeli moja, na kichwa kilichojaa maswali. Chuoni walitufundisha kuhoji kila kitu. Hawakutuambia kwamba kazini tutaacha.

Siku moja ukaja waraka: suruali za kubana ni uhuni wa kibeberu. Kipimo ni chupa. Inatumbukizwa kiunoni, itokee mguuni. Ikikwama, mvaaji ni mhuni.

Nikamuuliza bosi, "Mzee, chupa ipi? Ya soda au ya bia?"

"Hicho kisomo chako kitakufukuzisha kazi. Nenda Mikumi ukapime."

Mikumi kulikuwa na klabu ya dansi. Kila Jumapili mchana wakata miwa wa Ruaha, matingo wa malori na mabinti wa pale walijazana kwenye banda moja kucheza bugi. Suruali zao zote alizishona Tatu, kwa cherehani aliyoachiwa na marehemu mama yake. Ndiyo iliyomlisha yeye na wadogo zake.

Katibu wa tawi la chama alishaapa: suruali moja tu ikishindwa, banda linakuwa ghala la mahindi na cherehani inakwenda ofisini. Tena aliamuru iletwe palepale, isije ikafichwa.

Nikamkuta Tatu ameikalia cherehani yake mlangoni mwa banda.

"Karibu, Bwana Chupa. Umekuja kutulaza njaa?"

Msomi mzima, nikajifanya natafuta kalamu.

Wa kwanza kupimwa alikuwa Mashaka, mkata miwa, mdomo wake haujui breki.

Katibu akamkaripia, "Wenzako wako shamba la kijiji, wewe unakata viuno?"

"Shambani nilikuwa jana, ndugu Katibu. Mmetaifisha mabenki, mmetaifisha mkonge. Kiuno changu naomba mniachie."

Banda likaangua kicheko. Katibu hakucheka.

Nikatumbukiza chupa. Ya soda, nilijiamulia mwenyewe. Ikateremka mpaka gotini.

Ikakwama.

Tatu akaikumbatia cherehani kama mtoto anayetaka kunyang'anywa.

Mara Mashaka akaanza kutikisa mguu, taratibu. Mpiga gitaa akamfuata. Chupa ikasogea kidogo.

"Goti, Mashaka! Zungusha goti!" Tatu akapiga kelele.

"Shuka! Shuka!" banda zima likaitikia.

Chupa ikachomoka, ikaviringika hadi kwenye viatu vya Katibu.

"Haihesabiki! Amecheza!"

Nikaukunjua waraka, nikausoma kwa sauti. "Ndugu Katibu, hapa wameandika itokee mguuni. Hawakuandika mtu asimame kama mlingoti."

"Kwani wewe uko upande gani?"

"Upande wa waraka."

Walipimwa wote, na wote walipita, kila mmoja na mtindo wake wa kuiteremsha. Cherehani ikarudi nyumbani kichwani kwa Tatu, gitaa likimsindikiza.

Kwenye ripoti, sehemu ya ngoma za asili, nikajaza: jina la ngoma, Chupa. Asili yake, Mikumi.

Miezi ikapita, wilaya ikapata mgeni mkubwa. Katibu yuleyule akanifuata mbio. "Kijana, wale watu wa ile ngoma yetu ya asili, waje watumbuize!"

Walikuja na suruali mpya, zimebana kuliko zile za kwanza. Tatu alishona wiki nzima. Hata suruali ya Katibu alishona yeye.

Nilichojifunza, wakuu: anayekukataza kucheza, soma sentensi yake vizuri. Huwa ameacha nafasi ya mguu mmoja.

Wenzangu wa enzi zile, kwenu mlipimwa na nini? Na kama aliyeuandika ule waraka yuko humu, mpaka leo nangoja jibu: ya soda au ya bia?