Miguu ya Mzee Simeoni

Huku kwetu Vudee ndiva ndiyo uhai wetu. Ni bwawa la udongo walilotuachia mababu. Usiku linajaa maji ya kijito, asubuhi linafunguliwa na maji yanateremka mashambani kwa zamu. Kwa miaka thelathini na moja aliyeingia humo kulifungua alikuwa mtu mmoja tu, Mzee Simeoni, baba yake Elinaza. Mwingine akitia mguu, anakosa zamu mbili za maji. Hiyo sheria haina cha mtoto wala mkubwa.

Nilikuwa napenda kumtazama akifanya kazi. Anakunja suruali, anaingia taratibu mpaka maji yanamfika kiunoni, na miguu anaiburuza chini, hainyanyui hata kidogo. Anakitafuta kizibo kwa vidole vya miguu. Kizibo chenyewe ni gogo lililozungushiwa maganda ya mgomba na kukandikwa udongo. "Mama Jesca," aliniambia siku moja, "humu ukinyanyua mguu utakanyaga usichokijua. Buruza tu." Nikacheka, nikamwambia anatembea kama bata mgonjwa. Ndivyo nilivyo mimi, mdomo wangu hauna breki.

Basi mwaka juzi, kiangazi kikali, nilikwenda alfajiri kuchota maji kijitoni. Dumu langu likaniponyoka, likaingia ndiva, likaelea mpaka katikati. Dumu jipya kabisa! Nikatazama huku, nikatazama kule, hakuna mtu. Nikafunga kanga juu, nikaingia. Nilikuwa na haraka, nikawa napiga hatua kama niko barabarani. Katikati, kisigino kikagonga kitu, kikalegea. Nikadhani ni kijiti. Nikachukua dumu langu, nikaenda zangu kupika uji.

Saa tatu kelele zikaanza. Ndiva imekauka! Maji yaliyochukua wiki nzima kukusanyika kwa kiangazi kile yamekwenda, na familia kumi na nne zilikuwa zikiyasubiri kwa ajili ya maharage yao. Mfereji unapita kwanza shambani kwa Simeoni, na mahindi yake siku ile yalikuwa yamesimama ndani ya maji. Godwin, mwenyekiti wetu wa maji, akaita mkutano palepale ukingoni. Watu wakawa wanatazamana, hakuna anayesema. Mimi kisigino changu kilikuwa kimeshanieleza kila kitu.

Jamani, ningenyamaza! Hakuna aliyeniuliza. Lakini woga wangu huwa unatokea mdomoni. Nikajitosa katikati ya ule mkutano, mkono kiunoni: "Mnaogopa nini kusema? Anayejua kizibo kilipo ni nani? Na mahindi yaliyolewa maji ni ya nani?" Nikasikia watu wakiguna, mmoja akasema, "Kweli bwana." Basi, ikawa imeisha. Simeoni alinitazama, akamtazama Godwin, akasema, "Sikufungua mimi." Wakamvua kazi siku ileile, na zamu zake mbili zikachukuliwa.

Kumbe hayo maji ya bure hayakumsaidia kitu. Wiki tatu bila maji mengine, mahindi yake yakaungua. Mkewe, Susana, tuliyekuwa tunaimba naye kwaya, akaacha kukaa na sisi safu ya mbele. Alikuwa akiingia kanisani wa mwisho na kutoka wa kwanza. Mimi nilikuwa nikimsalimu kwa sauti kubwa, mnafiki mkubwa mimi, naye ananijibu vizuri. Mwezi wa tatu mwaka huu presha ikamchukua. Kwenye msiba wake nilipika wali masufuria matatu, na kila aliyenishukuru nilitamani anipige kofi.

Nilivumilia mpaka mwezi wa sita, kisha nikashindwa. Nikabeba mkungu wa ndizi, nikamkuta Mzee Simeoni anapukuchua maharage mlangoni kwake.

"Shikamoo, Baba Elinaza."

"Marahaba, Mama Jesca. Karibu."

Sikukaa. Nilimweleza nikiwa nimesimama, dumu, kisigino, mkutano, yote. Aliendelea kupukuchua mpaka nikamaliza.

"Ulinishtaki wapi?" akauliza.

"Ndiva."

"Basi huku kwangu umepotea njia."

Akanirudishia mkungu wangu wa ndizi.

Jumamosi ilikuwa msaragambo, siku ya kazi ya pamoja ambayo wote tunaruhusiwa kuingia, kijiji kizima tunazoa tope la ndiva. Nilikuwa ndani, tope magotini, koleo mkononi, naye amekaa juu ukingoni na wazee wenzake. Nikachomeka koleo. Nikaita, "Godwin! Jamani, nisikilizeni!" Nikasema. Sikuruka kitu, hata lile dumu nililitaja rangi yake. Kuna aliyesonya. Kuna aliyesema, "Loh, mwanamke wewe!" Nilistahili hilo na zaidi. Godwin akanikata zamu mbili, kisha akapanda ukingoni, akamwinamia Simeoni, akamwomba arudi kazini.

Mzee alikunja suruali, akashuka, akapita pembeni yangu akiburuza miguu, akakikandika kizibo upya kwa mikono yake. Alipomaliza akaja pale niliposimama.

"Twende," akasema.

"Wapi, baba?"

"Kwa Susana."

Kaburi liko nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Tulikwenda tukiwa hivyohivyo, tope mpaka magotini. Nilijua alichokuwa anakitaka. Tulipofika akavua kofia.

"Miaka yote tuliyokaa hakuwahi kunishuku," akasema. "Siku ile aliniuliza mara moja tu, 'Baba Elinaza, ni kweli?' Nikamwambia si kweli. Siku mbili kabla hajafa akanishika mkono, akaniambia amenisamehe yale maji."

Akanigeukia.

"Amenisamehe, Mama Jesca. Haya, mwambie."

Mimi ninayejulikana Vudee nzima kwa mdomo, mimi ambaye siku ile ndiva sikusubiri hata kuulizwa, nilisimama pale nimefungua kinywa. Tope likanikaukia miguuni. Mzee alinisubiri mpaka akachoka, akavaa kofia yake, akarudi ndiva kuifungulia maji ya kijito.