LDH ya Aabo ilipanda, nikamzika akiwa hai

Wakuu, assalamu aleikum. Leo sina siasa wala mpira. Nataka kuwasimulia jambo lililotupata nyumbani kwetu Iftin, hapa Garissa. Sitaongeza chumvi, stori yenyewe haihitaji.

Baba yangu tunamwita Aabo. Amechunga ng'ombe kule Sangailu tangu utotoni mpaka magoti yalipomshinda, akahamia kwangu mjini pamoja na mama. Mimi nina duka la vyakula, na ndiye mtoto pekee aliyesoma, kwa hiyo karatasi yoyote yenye muhuri inaletwa kwangu hata kama ni risiti ya viatu.

Mwaka jana Aabo alikuwa na doa jeusi chini ya kisigino. Akasema ni mwiba wa zamani. Akalichokoa na kisu, likatoka damu, likakauka, likarudi kubwa kuliko mwanzo. Tulipofika kwa daktari Nairobi tukaambiwa ni melanoma, saratani ya ngozi.

(Nyinyi mnaodhani huo ni ugonjwa wa wazungu, mkivua viatu leo tazameni nyayo zenu. Sisi weusi mara nyingi hutupata huko chini tusikoangalia.)

Wakakata pale kisiginoni, kidonda kikapona vizuri. Halafu daktari akakuta tezi za kinena zimevimba. Akataka kuzitoa, lakini kwanza Aabo apimwe damu.

Kuna kitu kwenye damu kinaitwa LDH. Kikiwa juu kwa mgonjwa wa melanoma, madaktari huanza kushuku kwamba ugonjwa umesambaa, na matumaini hupungua.

Aabo alikuwa amechoka na safari. Tukakubaliana damu itolewe Garissa, mimi niipeleke Nairobi.

Hapa ndipo ujuaji wangu ulipoingia.

Dada wa maabara alinipa coolbox, akaniambia damu isipate joto na isiguse barafu. Nikaitikia vizuri kabisa. Lakini mama yangu, Hooyo, anauza maziwa ya ngamia, na mimi nimekua nikiona jerikeni zikigandishwa ndipo maziwa yafike Nairobi salama. Nikaona huyu dada hajui jua letu. Nikapita nyumbani, nikachukua chupa mbili za maji yaliyoganda jiwe, nikaibana ile mirija ya damu katikati. Nikajipongeza.

Baada ya siku mbili majibu yakaja kwenye simu. LDH ilikuwa zaidi ya mara mbili ya kawaida.

Nikaingia mtandaoni. Wakuu, mtandao hauna huruma. Nilisoma dakika ishirini nikawa nimemaliza maisha ya baba yangu. Nilijifungia stoo, katikati ya magunia ya mchele, nikalia kama mtoto.

Sikumwambia Aabo. Nilimwambia Eedo, dada yake, peke yake, na nikamwapisha.

Mnajua tena. Alhamisi nyumba ilijaa.

Kwetu mtu akikaribia kuondoka duniani, watu huja kumwomba cafis, yaani msamaha, wasiachane na kinyongo. Walitoka mpaka Sangailu. Mzee mmoja aliomba msamaha kwa ajili ya ndama aliyempiga kabla mimi sijazaliwa. Aabo akawasamehe wote kwa adabu, huku akinitazama juu ya vichwa vyao.

Walipoondoka akaniita. Nyumbani tunaongea Kisomali, nawatafsiria.

"Watu hawaji hivi kwa mzee mzima wa afya. Wewe unajua nini?"

Nikamwambia. Hakulia. Aliniuliza tu kwa nini Eedo alijua kabla yake.

Kisha akasema hataki upasuaji tena. "Kama nimeisha, msinikate. Nirudishe kwa ng'ombe."

Hooyo akaanza kumfungia nguo. Alikunja shati moja, akalikunjua, akalikunja tena. Nilishindwa kumtazama.

Nikampigia daktari kufuta tarehe ya upasuaji. Akasema nimtumie karatasi yote kwanza. Akaipitia, akanipigia. "Umesoma mstari wa mwisho?"

Mimi msomi wa familia sikuwa nimeusoma. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, waliandika kwamba chembe nyekundu zimepasuka na kipimo kirudiwe. Akaniuliza damu ilisafirije. Nikamweleza zile chupa.

Nadhani alijizuia kucheka. Akanieleza kwamba damu ikigandishwa, chembe zake hupasuka na kumwaga LDH iliyokuwa ndani. Namba ile niliitengeneza mimi na friji yangu.

Kazi ikawa kumwambia Aabo. Nilikaa chini mbele yake nikamwambia, "Nimekosea. Niligandisha damu yako kama maziwa ya Hooyo. Na nilikuficha. Nisamehe."

Akacheka mpaka akakohoa. Halafu akanivuta kichwa akakilaza begani kwake, mimi mtu mzima na ndevu zangu. Nampenda sana yule mzee, wakuu, na sijawahi kumwambia.

Tukaenda Nairobi pamoja. Kabla sijafungua mdomo, Aabo akaongea kwa Kiswahili chake cha kugeuza P kuwa B: "Daktari, bole. Kijana yangu ananibenda sana, hiyo ndiyo shida yake."

LDH ya pili ikawa ya kawaida. Daktari akatuonya kuwa hiyo ni alama moja tu kati ya nyingi. Ana wagonjwa waliokuwa nayo juu na bado wanakuja kliniki, na wengine ilikuwa chini lakini hawakubahatika. Tezi zikatolewa, tukarudi nyumbani.

Sasa sababu ya uzi huu. Juzi alipimwa tena. Damu ilisafiri vizuri na mstari wa mwisho hauna onyo lolote. LDH imepanda. Si sana, lakini imepanda, na safari hii hakuna barafu ya kulaumu. Wiki ijayo anaenda kupigwa picha za ndani.

Sikuingia mtandaoni wala sikwenda kwa Eedo. Nilienda na simu mpaka mkekani kwake, nikamsomea kila kitu kuanzia jina lake mpaka mwisho. Nilipomaliza akasema, "Basi tutaenda." Akaniuliza kama nimekula.

Nilichojifunza ni kwamba habari ya damu ya mtu ni yake kwanza. Nilidhani namhurumia, kumbe nilimwacha peke yake na nyumba imejaa watu. Na dada wa maabara akikupa maagizo, yafuate.

Kama namba hizi zimewahi kupanda kwako au kwa mzazi wako na bado mpo, andikeni hapa chini, hata mstari mmoja. Kama zilipanda mkampoteza, andikeni pia, mtuambie alikuwa mtu wa aina gani. Aabo ameketi hapa kando yangu, ananiuliza kama kuna aliyejibu.