Tumbaku Laini ya Baba

Kikohozi cha baba kilikuwa kikifika nyumbani kabla yake. Tulikisikia kikipanda na barabara ya Matuga, kikikatika, kikianza tena, kisha ndipo baba mwenyewe alipotokea penye mikorosho, koti begani, sigara kidoleni.

Bendera mpya ilikuwa haijapauka bado, na baba alikuwa amekalia kiti cha mzungu katika ofisi ya Kwale. Daktari wa Msambweni alimwambia sigara zitamuua. Baba akamwapia mama kwamba ameziacha. "Nitavuta kiko," akasema. "Moshi wake hauteremki kifuani." Hilo daktari hakulisema, alilisema baba, nasi tukalishika kwa mikono miwili.

Kuchagua tumbaku nilipewa mimi. Nikaenda dukani Kombani.

"Shikamoo, mzee. Nataka tumbaku ya kiko."

"Marahaba. Ya kwako? Ndevu ziko wapi?"

"Ya baba. Anaacha sigara."

Mwenye duka akanisogezea msokoto mweusi. Niliunusa, machozi yakanitoka. Akacheka. "Hii itamwangusha. Mvuta sigara ana pupa, anavuta mpaka tumboni. Mtafutie laini." Akafungua makopo. "Ibonyeze. Ikinata kama tende, haitawaka. Ikivunjika, itamchoma ulimi. Na apakie kwa kulegeza, moshi uishie kinywani."

Nilibonyeza kopo baada ya kopo hadi nikapata tumbaku ya kahawia isiyonata wala kuvunjika, yenye harufu ya zabibu kavu. Njia nzima nililikumbatia kopo lile.

Baba alinusa, akafumba macho. "Umenichagulia uhai, mwanangu."

Baadaye akataka kopo jingine, na jingine tena; alisema hukivuta kiko barazani usiku, sisi tukiwa tumelala. Nilifurahi: kiko kimemkolea. Kikohozi tu ndicho hakikupungua, na mama akasema kifua kinajisafisha.

Alasiri moja shangazi, dada yake baba, aliingia akicheka kabla hajavua viatu.

"Hodi, wifi! Yuko wapi fundi wetu wa tumbaku? Mwanangu, wazee wa Msambweni wanakusalimu! Wamevuta ile ya kopo wakalainika, hata mahari wamesahau kuyakazia."

"Mahari ya nani?" mama akauliza.

Kicheko kilimkauka shangazi. "Ya bibi harusi, wifi. Kaka alisema umeridhia."

Kwetu, anayeposa hutanguliza kitu cha kuwaburudisha wazee wa binti. Zamani kilikuwa tembo, pombe ya mnazi. Nyumba ya binti huyu ilikuwa ya watu wa swala, pombe haiingii, kwa hiyo baba aliwapelekea tumbaku. Kila kopo nililolibonyeza kwa ajili ya kifua chake lilikwenda kuwabembeleza wazee wampe mke wa pili.

Nilikitazama kiko chake rafuni. Ndani kilikuwa safi kama kikombe kipya.

Jioni baba aliporudi, nilimwambia, "Baba, ile tumbaku ilikuwa ya kukuponya."

Hakushtuka. Alinishika bega. "Na imefanya kazi nzuri. Usinune. Kesho kanichagulie nyingine, wazee hawaitaki ya mtu mwingine."

Alisema hivyo kwa kunisifu, na sifa ile ndiyo iliyonikata maini. Nilimwambia sitakwenda. Akafungua kinywa kunikemea, lakini mama alikuwa ameshatoka chumbani, amevaa buibui, furushi mkononi.

"Nakwenda kwa kaka zangu," alisema.

"Mke wangu, kuoa ni haki yangu."

"Sijakukatalia haki yako. Ungekuja ukaniambia, ningelia, kisha ningenyamaza. Lakini umemtuma mwanangu akakuposee mke mwenza, naye akidhani anakuokoa."

Mama alinigusa shavu, akapita katikati yetu, akatoka. Aliurudisha mlango mwenyewe, polepole, mpaka kitasa kikaingia mahali pake.