Jina Nililoliruka Kaburini

Nilikwenda Gachoka kwa sababu ya Injili niliyoisoma mwenyewe, kwa sauti yangu, mbele ya watu wa kigango chetu karibu na Kanyakine. Mimi ni katekista. Padri hutufikia mara moja kwa mwezi, na Jumapili nyingine zote mimi ndiye ninayeongoza ibada, nasoma masomo na kuyafafanua. Nimefanya hivyo miaka kumi na minane, na nakiri kwamba nilikuwa nimezoea kusoma kama mtu anayegawa barua za wenzake.

Jumapili hiyo ya Februari ilikuwa ya shukrani ya mavuno. Watu walikuwa wamepanga maharagwe, mahindi na kuku mbele ya altare, nami nilikuwa nimeleta mkungu wa ndizi. Somo la kwanza lilituambia kwamba Mungu amemwekea mtu moto na maji, naye atanyoosha mkono kuelekea anachokitaka. Kisha ikaja Injili: ukileta sadaka, na hapo ukakumbuka kuwa ndugu yako ana neno juu yako, iache, nenda ukapatane naye kwanza. Mbele kidogo inadai kwamba ndiyo ya mtu iwe ndiyo, na siyo iwe siyo. Nilimaliza kusoma, nikafunga kitabu bila kufafanua. Niliwaomba watu tusali kimya kimya, na kimya hicho kikarefuka mpaka watoto wakaanza kukohoa.

Kabla hatujaondoka nyumbani, msomaji wangu, inafaa ulijue kosa langu. Miaka mitatu iliyopita tulimzika mama. Kwetu, wasifu wa marehemu huchapishwa katika kijitabu chenye picha yake, na watoto hutajwa mmoja mmoja kuanzia kifungua mimba, pamoja na wake na waume zao. Asiyetajwa humo ni kama hakuzaliwa katika nyumba hiyo. Mimi ndiye niliyeandika wasifu wa mama, na mimi ndiye niliyeusoma kaburini.

Mkubwa wetu ni kaka yangu Mugambi. Alihamia Gachoka, Mbeere, kwenye shamba la wazazi wa mkewe, Wawira, na huku nyumbani tulimcheka tukisema ameolewa. Mama alipougua nilimtunza mimi kwa miaka miwili. Mugambi alikuja mara mbili tu. Lakini wiki yake ya mwisho mama aliita jina la Mugambi, si langu. Aliyekuwa akimgeuza kitandani ni mimi, aliyeitwa ni yeye. Niliumia sana. Nilipoandika wasifu nikaliacha jina lake, nikaanza na langu. Ukoo ulipouliza, nikasema ni makosa ya mwanamke aliyetuchapia vijitabu. Mugambi alitupa udongo wake kaburini, akachukua mke na watoto, akaondoka kabla ya chakula. Tangu siku hiyo hatukuongea.

Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi niliondoka Kanyakine na Bwana Hassan, mfanyabiashara wa Meru mjini ambaye hununua ndizi kwetu na kuzipeleka soko la Embu kwa lori lake dogo. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya majani chai. Aliniuliza kama ninakwenda msibani, kwa kuwa nilikuwa nimevaa koti langu la kanisani. Nikamjibu kwamba naenda tu kusalimia. Jana yake nilikuwa nimesoma kuhusu ndiyo na siyo, na hata kilomita kumi sijamaliza, nimeshasema uongo.

Tulipita Igoji, tukateremka Mutonga na kupanda tena, tukaiacha Chuka nyuma. Barabara hii hufuata ubavu wa mlima. Kila ukidhani mabonde yameisha, lingine linakungoja. Bwana Hassan hapendi maneno akiwa kwenye miteremko, na nilimshukuru kimoyomoyo.

Kwenye daraja la Mto Thuci, mahali kaunti ya Embu inapoanzia, alisimamisha lori kukagua kamba. Nilishuka nikamsaidia kukaza, na hapo nikamweleza ukweli wote, kuanzia kitanda cha mama hadi kijitabu. Alisikiliza huku akivuta kamba.

"Kwetu tunafundishwa ndugu wasinuniane zaidi ya siku tatu," akasema.

"Sisi tumefika miaka mitatu."

Hakucheka. Alisema tu kwamba atapunguza kusimama njiani ili nifike mapema.

Saa nne tulikuwa Embu mjini. Nilimuaga sokoni, nikapanda gari la Kiritiri linalopita Gachoka, na kadiri tulivyoteremka ndivyo hewa ilivyozidi kuwa ya moto. Kijani kibichi cha kwetu kilibadilika kuwa vichaka, mawe mekundu na mbuzi. Nililivua lile koti. Ilinijia kwamba huku ndiko tulikosema Mugambi amekimbilia raha.

Saa sita mchana niliingia uani kwake, mwendo wa nusu saa kutoka Gachoka sokoni. Wawira ndiye aliyeniona kwanza. Alisimama na sufuria mkononi.

"Karibu, shemeji," akasema. "Kuna mtu amekufa?"

Nikamwambia hapana. Akanionyesha kwa kidevu upande wa shamba.

Mugambi alikuwa amelundika ndengu, choroko za huku, zilizokauka juu ya turubai, anazipiga kwa fimbo ili zitoke kwenye maganda. Alikuwa amekonda, na nywele zake zimekuwa nyeupe. Aliniona, akaendelea kupiga. Niliokota fimbo nyingine, nikasimama upande wa pili wa turubai, nikaanza kupiga nami. Tulifanya hivyo karibu saa nzima, jasho likituingia machoni. Ziliposalia chache niliweka fimbo chini.

"Si yule mama wa kuchapisha," nikasema. "Ni mimi nilikutoa."

"Najua."

"Nani alikuambia?"

"Wewe." Aliinama akachukua konzi ya ndengu, akazipuliza maganda. "Karatasi inaweza kukosea, sawa. Lakini ulikuwa unasoma na mdomo, na mimi nilikuwa nimeketi hapo mbele. Kama ni karatasi iliniruka, si mdomo ungenitaja?"

Kwa miaka mitatu nilikuwa nimejificha nyuma ya uongo ambao haukumdanganya yule niliyemkosea. Nililia pale shambani, mtu mzima, na yeye akaniacha nilie. Nilimwomba msamaha. Hakusema amenisamehe wala hakusema amekataa; aliniomba nishike ncha ya turubai tumimine ndengu kwenye gunia.

Jioni, jua likiwa bado juu ya vichaka, Wawira alituandalia ndengu na chapati. Mugambi alichukua sahani yake akaenda kula nje, karibu na zizi la mbuzi. Wawira hakumtetea wala kunipoza. Aliingia chumbani, akarudi na kijitabu cha mazishi ya mama, akakiweka mezani mbele yangu kikiwa kimefunguliwa. Juu ya jina langu, kwa penseli na mwandiko wa mtoto, palikuwa pameandikwa jina la Mugambi, kisha la Wawira, kisha majina ya watoto wao wote watatu.

"Msichana wetu mdogo ndiye aliandika," akasema. "Aliuliza babake kama cucu, nyanya tuliyemzika, hakuwa mamake yeye. Babake akaenda kulisha mbuzi."

Chapati ile sikuweza kuimaliza. Nilikuwa nimehubiri mara nyingi kwamba dhambi ya mtu mmoja huwafikia wengine, na sikuwa nimewahi kuwaza juu ya mtoto na penseli yake.

Jumanne asubuhi Mugambi alinisindikiza hadi barabarani, akinitangulia hatua chache. Gari lilipoonekana kwa mbali ndipo alipogeuka.

"Uliniondoa mbele ya watu," akasema. "Huku kwa ndengu hakuna mtu anatusikia. Nirudishe mahali ulinitoa. Mimi sitakuja kukuangalia. Ukishamaliza, unipigie."

Njia ya kurudi niliiona fupi mno. Nilikuwa nimekwenda nikitaka kuomba msamaha shambani, kimya kimya, kisha nirudi kwenye altare yangu nikiwa mwepesi. Mbele ya ile mimbari nilikuwa na jina zuri, na sasa nilielewa kwamba jina hilo nililijenga kwa kulifuta la mwenzangu.

Jumatano nilikwenda kwa mama aliyetuchapia vijitabu. Aliniambia, bila kuacha kazi, kwamba tangu mazishi yale watu wa ukoo wetu hupeleka kazi zao za kuchapa kwingine, Nkubu. Ijumaa nilimwona padri. Aliniruhusu kusema, kisha akaniomba nikae kando kwa muda, mwingine aongoze ibada. Nilikubali, ingawa ilinichoma.

Jumapili, masomo yalipokwisha kusomwa na msomaji mwingine, nilisimama mbele bila kitabu. Nilisema nilichofanya na kwa nini. Nilimsafisha mama wa kuchapisha. Kisha nikawataja watoto wa mama yangu tena, nikianza na Mugambi na mkewe Wawira wa Gachoka, na mimi wa pili. Shangazi yetu mkubwa alijifunika uso kwa leso. Wanaume wawili wa ukoo walitoka nje na hawakurudi. Nilikwenda nikaketi benchi la nyuma, na ndipo nilipo hadi sasa.

Kutoka benchi hilo masomo yanasikika tofauti. Zamani niliwaambia watu wokovu ni jambo la kungojewa siku ya mwisho. Kumbe ile nafasi ya kuchagua moto au maji tunapewa siku za kazi, tukiwa tumeshika kalamu au simu, na anayechelewa huwachelewesha hata watoto wa wenzake. Mungu alikuwa amenisubiri Gachoka miaka mitatu nami nilikuwa nikimtafuta madhabahuni.

Jumapili ile ile, saa saba mchana, nilimpigia Mugambi. Nilimwambia nimesema.

"Wataje nisikie," akasema.

Niliwataja, kuanzia kwake hadi kitinda mimba, polepole, jinsi nilivyopaswa kufanya kaburini. Nilisikia akimwita binti yake aje karibu na simu, akanitaka nirudie. Nikarudia.

"Haya, mdogo wangu," akasema. "Nimesikia."

Na hilo, la kuniita mdogo wake, hakuwa amelitamka tangu tulipomzika mama.