Bakuli la Asali Lililorudi Limejaa

Mniwie radhi kwa mwandiko huu na makosa ya herufi. Niliishia darasa la nne na mkono wangu ni mzito.

Juzi hapa kijijini Kakese, kiongozi wa chama cha wakulima na wafanyakazi alipita kwa Landrova, na baba akaingia ndani haraka. Nikakumbuka alasiri moja ya utoto wangu.

Baba ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba kuwaomba watu wamchague bwana yule, kwa kuwa aliahidi kuulinda msitu wenye mizinga yetu ya nyuki. Alipokwisha kuchaguliwa, alikubali msitu ufungwe watu wasiingie tena, na mizinga yao ikabaki humo.

Mimi sikuyajua hayo. Siku hiyo baba alirina mzinga mmoja uliokuwa kando ya shamba. Nyumba ilinuka moshi na nta, nami nikatumwa kupeleka bakuli kwa jirani, kama ilivyo desturi yetu.

"Rudi nalo," alisema Mama Kalisto bila kuinuka. "Mwambie baba yako ampelekee bwana wake. Sisi asali yetu wanalamba nyani."

Nilirudi mbio kwa furaha. "Baba, wamekataa! Yote ni yetu!"

Baba alilitazama bakuli. "Wana haki," alisema. "Mimi ndiye niliyewaomba."

Hakuonja. Mimi nilikula mpaka tumbo likaniuma.

Hadi leo baba huenda shambani kwa njia ya nyuma. Nyie mnaosoma, kama kwenu yupo aliyemwombea mwingine kura akaaibika, niandikieni aliwaambia nini majirani zake. Nitamsomea baba.